Megabaiti 32 Zipo, Lakini Kumbukumbu Haitoshi

SWALI: Nina diski ya kuwashia yenye MS-DOS 6.22 (mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft), na kompyuta yangu ina kumbukumbu ya megabaiti 32. Tangu nilipoongeza draiva (programu ndogo za kuendesha vifaa) za CD, kipanya na kadi ya mtandao, programu yangu ya kunakili diski inakataa kuanza kwa madai kwamba kumbukumbu haitoshi. Katika CONFIG.SYS, faili ya mipangilio inayosomwa wakati wa kuwasha, nimebadilisha kila DEVICE (agizo la kupakia draiva) ikawa DEVICEHIGH (agizo la kuipakia eneo la juu la kumbukumbu), na hali ni ile ile. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, megabaiti zako 32 hazijapotea. Programu za kawaida za DOS huendeshwa ndani ya kilobaiti (KB) 640 za mwanzo, hata kompyuta ikiwa na kumbukumbu nyingi kiasi gani. Mpaka huo ulitokana na IBM PC ya mwaka 1981, ambayo prosesa yake ya 8088 iliweza kufikia KB 1,024 tu. KB 384 za juu zilitengwa kwa ajili ya skrini, BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kompyuta) na kadi za nyongeza, na zilizobaki ndizo draiva zako na programu yako zinazogombania.

Nashuku kwamba diski yako inapakia HIMEM.SYS peke yake. Draiva hiyo hufungua kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti ya kwanza, lakini haitengenezi nafasi za kuhifadhi draiva katika zile KB 384. Kazi hiyo hufanywa na EMM386.EXE, inayochukua kumbukumbu ya ziada na kuiweka katika mapengo yasiyotumiwa na kifaa chochote. Bila EMM386, DEVICEHIGH haikosi wala hailalamiki: huipakia draiva chini kimyakimya, kama DEVICE ya kawaida, na ndiyo maana hukuona tofauti. Basi anza CONFIG.SYS kwa mistari hii, kwa mpangilio huu, ukiongeza njia ya folda kama faili hazipo kwenye mzizi wa diski:

DEVICE=HIMEM.SYS
DEVICE=EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

Neno NOEMS lina uzito wake, kwa kuwa EMM386 ikiombwa kutoa kumbukumbu ya aina ya EMS (mfumo wa zamani wa kumbukumbu ya nyongeza) kwa kawaida hutenga KB 64 za eneo la juu kama dirisha la kuipitia, na KB 64 mahali palipobana namna hiyo ni nyingi mno. HIGH huhamisha sehemu kubwa ya DOS yenyewe hadi kwenye karibu KB 64 zinazofuata mara baada ya megabaiti ya kwanza, na UMB huiwezesha DOS kuyatumia yale mapengo ya eneo la juu.

Kisha utazame mpangilio wa draiva, jambo ambalo wengi hulipuuza. Draiva nyingi huhitaji nafasi kubwa wakati wa kuanza kuliko ile zinayobaki nayo baadaye. Draiva inayobaki na KB chache inaweza kudai pengo kubwa mara kadhaa kuliko hizo, kwa muda mfupi tu, na isipolipata huangukia chini ingawa baadaye ingeenea vizuri. Kwa hiyo zipakie kwanza zile zenye madai makubwa, wakati mapengo bado ni mapana, na ndogo zifuate. Badilisha mstari mmoja kwa wakati, washa upya, kisha andika MEM /C uone kila draiva imekaa wapi na programu kubwa zaidi inayoweza kuendeshwa ni ya ukubwa gani.

Hata hivyo, ningejiuliza kwanza kama kazi ya kunakili inahitaji CD na mtandao kwa pamoja. MS-DOS 6 inaruhusu kuweka sehemu ya [MENU] katika CONFIG.SYS, ili uchague kundi la draiva wakati wa kuwasha; draiva isiyopakiwa kabisa huokoa zaidi ya ile iliyopangwa kwa ustadi.

SWALI: Niliiongezea EMM386 maneno I=B000-B7FF, yanayoiambia itumie na eneo hilo la kumbukumbu, ili nipate KB 32 zaidi, na sasa kompyuta inaganda kabla sijaweza kuandika amri yoyote. Nitairudishaje?

JIBU: Washa upya, na maneno ya kwamba MS-DOS inaanza yakitokea, bonyeza F5 ili faili zote mbili za kuanzia (CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT) zirukwe, kisha uyafute maneno hayo. Ukitaka kuhakikisha kosa liko hapo, tumia F8, ambayo huuliza mstari kwa mstari. Eneo hilo ni la skrini za rangi moja. Mara nyingi huwa tupu, lakini kadi yako ya skrini inaelekea kulitumia, hivyo liache.