Anzeni na watu, ukumbi utafuata

Ndugu yangu, umeuliza muanzie wapi ili mafundi, wasimulizi, watafiti na watunza makumbusho wa taifa lenu wapate mahali pamoja, palipo wazi kwa wote. Mimi ningeanza na swali la nani ana sauti. Mkataba wa Faro wa 2005, wa Baraza la Ulaya kuhusu thamani ya urithi wa utamaduni kwa jamii, unaieleza jamii ya urithi kuwa ni watu wanaothamini urithi fulani na kutaka kuudumisha na kuurithisha kwa vizazi vijavyo. Haudai shahada. Basi bibi anayejua kusuka akae meza moja na profesa, na kura zao zilingane. Nimeona juhudi nzuri zikifa hapo: wataalamu wanaamua, wenye urithi wanaitwa kutumbuiza tu. Inaniuma sana.

Kabla ya kurekodi chochote, ombeni ridhaa. Kuna mambo ambayo wenyewe hawataki yaonekane hadharani, na mkataba wa UNESCO wa 2003, wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, nao unataka desturi zinazoamua nani aone nini ziheshimiwe.

Ukumbi? Chumba cha kuazima kinatosha kwa sasa, mradi siku ya kukutana isibadilike-badilike. Ila kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani atatunza fedha na kumbukumbu.