Kabla hujafuta .dpkg-old

Juni 2023, wiki ya mwisho ya kufaili ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, nilipandisha seva ya saiba moja pale Kondele, Kisumu, kutoka Debian 11, mfumo wa Linux, hadi 12. Ndiyo, wiki hiyo hiyo. Toleo jipya lilikuwa limetoka tarehe 10 na mikono ilikuwa inaniwasha.

Katikati ya kazi dpkg, programu ya Debian ya kusakinisha pakeji, ikaniuliza: squid.conf (faili ya mipangilio ya Squid, proksi inayopitishia wateja intaneti) umeibadilisha, na pakeji mpya imekuja na yake, tushike ipi? Nikabonyeza Y kama mtu anayekubali masharti ya mkopo wa simu. Punde si punde kompyuta zote za wateja zikanyimwa intaneti na foleni ikafika mlangoni. "Kijana wangu, hawa wakichelewa ni faini," mama mwenye saiba akaniambia, kwa sauti ya chini iliyoniuma kuliko angefoka.

Squid ya Debian, kabla hujaigusa, huruhusu mashine yake yenyewe tu. Kompyuta nyingine za ndani hadi uziruhusu wewe. Kilichoniokoa ni faili ambayo kila mara nilikuwa naifuta bila kuitazama: squid.conf.dpkg-old. Ukijibu Y, faili yako ya zamani huhifadhiwa kwa jina hilo. Ukijibu N, au ukibonyeza Enter tu, yako inabaki na ile mpya inawekwa kando kama .dpkg-dist. Pakeji zinazotumia ucf, chombo kingine cha kulinda mipangilio uliyobadilisha, huacha .ucf-old na .ucf-dist. Wenzetu wa Fedora, Linux nyingine, watakuta .rpmnew na .rpmsave, wa Arch .pacnew na .pacsave.

Sasa kila nikimaliza kupandisha toleo, kabla sijafunga kompyuta yangu, naandika:

sudo find /etc -name '*.dpkg-*' -o -name '*.ucf-*'

Kila faili inayojitokeza naisoma kwa diff -u, inayoonyesha tofauti, dhidi ya mwenzake. Usirudishe ya zamani nzima nzima, maana baadhi ya mistari huenda toleo jipya halina habari nayo tena. Hamisha mistari yako tu, kagua kwa squid -k parse, kisha reload ili Squid isome mipangilio upya. Mabaki nafuta baada ya wiki, si siku ile ile.

Dawa bora ni kutoigusa faili kuu kabisa. Ruhusa za saiba ile nimeziweka peke yake ndani ya /etc/squid/conf.d/, kwenye faili inayoishia na .conf. squid.conf ikibaki kama ilivyokuja, dpkg huibadilisha kimya kimya bila kukuuliza neno.

Kuna pia pakeji ulizoondoa zikaacha mipangilio nyuma, zinaonekana kwa dpkg -l | grep '^rc'. Hizo wengi huzifagia zote kwa purge moja, yaani kufuta hadi mabaki. Mimi nazipitia jina kwa jina, hasa nikiona PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwenye orodha, kwa sababu purge yake inaweza kuondoka na hifadhidata yenyewe.