Jibu: Barua za wanazuoni wa Kisanskriti

Ndugu, umeuliza kama wanazuoni wa zamani wa Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, walikuwa na kanuni za kuandikiana barua au kila mtu alijiandikia atakavyo. Kanuni zilikuwepo, tena za kubana. Patrakaumudi, mwongozo unaonasibishwa na mwanazuoni Vararuci, unapanga hata idadi ya neno la heshima "śrī" kabla ya jina: mwalimu sita, bwana wako matano, adui manne, rafiki matatu, mtumishi mawili, mwana au mke moja. Naam, adui anampita rafiki! Nadhani rafiki hanuni upesi. Gujarat nako, magharibi mwa Uhindi, kuna Lekhapaddhati, mkusanyo wa vielelezo vya barua na hati, za mikopo na rehani zikiwemo. Ukitaka kuona maandishi ya wanazuoni hao yakifanya kazi, tafuta hukumu ya mwaka 1657 ya mapandit (wanazuoni wa Kihindu) wa mji wa Varanasi, yenye saini zao.