Passo iliingia getini, Prado ikakataa kulala

Kila nikiegesha mjini hakosi mtu wa kuniuliza: "Dada, hiyo Passo inakula kiasi gani?" Nikimjibu kwamba lita moja inanipeleka kilomita 14 na kidogo, anaguna, kisha anaulizia bei. Hata sisi, tulipotaka kuongeza gari dogo la kubana mafuta juu ya Prado yetu, tulianza na swali hilohilo, na ndilo lililotutia hasara miezi mitatu ya mwanzo.

Tunakaa Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Kazi yangu iko katikati ya mji, na kutoka getini hadi ninapoegesha ni kilomita 20: Igoma, Nyakato, Buzuruga, Mabatini, ndipo unaingia mjini. Baba watoto kibarua chake kiko Nyakato, yaani njiani. Gari lilikuwa moja, Prado ya petroli yenye injini ya cc 2,700, tuliyoinunua kwa ajili ya safari za kijijini kwao, Sengerema, ambako ukishaiacha lami masika ni tope mpaka kwenye kitasa cha mlango. Asubuhi tulitoka sote, namshusha Nyakato, naendelea na safari. Jioni nampitia.

Kilomita 40 kwa siku, kwa siku 22 za kazi, ni 880 kwa mwezi. Kwa foleni ya Buzuruga, Prado ilikuwa inatoa kilomita 7 kwa lita. Hizo ni lita 126. Ukichukua petroli kwa shilingi 3,000, ni 378,000 kila mwezi. (EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunalipa zaidi ya watu wa Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta yakishashushwa bandarini bado yana safari ndefu ya kutufikia.) Passo kwa kilomita hizohizo inataka lita 61, yaani 183,000. Tofauti ni 195,000 kwa mwezi. Niliiandika nyuma ya bahasha, nikampelekea mume wangu mezani kama mtu aliyeokota dhahabu Geita.

Tulifikiria kuvuta yetu kutoka Japani. Gari lisilozidi cc 1,000 limesamehewa ule ushuru wa bidhaa unaotokana na ukubwa wa injini, lakini likipita miaka 10 linapigwa ushuru wa asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu, na magari ya umri mdogo yalikuwa nje ya mfuko wetu. Basi tukanunua mkononi, yenye usajili wa herufi D, ya mwaka 2011, kwa 8,600,000.

Mwezi wa kwanza ukaisha. Nikajumlisha risiti za sheli: 440,000. Nikazirudia nikidhani nimechanganya na za gesi.

Kilichotokea ni hiki. Mimi nilikwenda zangu na Passo peke yangu. Mwenzangu, kwa kuwa Prado ilikuwa imekaa bure uani, akaanza kwenda nayo Nyakato, na mchana akaipeleka huku na kule, kwa fundi, kwa rafiki yake Pasiansi, Mwaloni kununua sato. Kilomita 600 za Prado ni lita 86. Ongeza na zangu za Passo. Gari la kubana matumizi lilikuwa limetupandishia matumizi kwa elfu sitini, na bado hatujagusa bima. Zamani tulikuwa na gari moja linalobeba watu wawili. Sasa tulikuwa na mawili, kila moja na mtu wake.

Kwa hiyo swali ninalomuuliza yeyote anayenitaka ushauri ni moja: Passo ikitoka asubuhi, lile kubwa litalala? Nani atashika funguo zake? Kama jibu ni "tutaona", usinunue.

Kwetu ilichukua miezi mitatu na mazungumzo ambayo sitayaandika hapa. Tulikubaliana kurudi utaratibu wa zamani, wote ndani ya Passo, magoti ya mume wangu yakigusa dashibodi, na Prado ilale Jumatatu hadi Ijumaa. Hapo ndipo ile 195,000 ilianza kuonekana. Jambo ambalo sikulitarajia ni betri. Gari lililozoea kuwashwa kila siku ukililaza wiki nzima na betri imezeeka, Jumamosi linakohoa tu. Siku hizi Jumatano jioni linawashwa na kuzungushwa mtaani hadi lipate moto.

Gharama nyingine nazitaja haraka. Bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga, ni 118,000 kwa mwaka. Sevisi hazikuniumiza kama nilivyoogopa, maana zile ambazo Prado ingefanya kwa kilomita hizo sasa inafanya Passo, na oili yake ni kidogo. Kilichouma ni mwaka wa kwanza wa gari la mkononi: matairi manne, shokapu za mbele, bushi, na oili ya gia boksi ambayo aliyetuuzia nadhani hakuwahi kuibadilisha. Gia boksi hiyo ni ya CVT, ile inayobadilisha mwendo bila hatua za gia, na fundi alinionya: "Mama, hii usiiwekee oili ya kawaida, utaniletea kwenye toroli." Jumla 840,000. Mwenye kununua mkononi atenge kama milioni moja pembeni, na aangalie deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kabla ya kutoa hata shilingi.

Tena usiamini namba za Japani. Zile kilomita zaidi ya 20 kwa lita zilipimwa maabara, siyo kwenye mlima wa Isamilo ukiwa na abiria wanne na gunia la dagaa. Pima mwenyewe: jaza tanki hadi bomba likate, rudisha kihesabu kilomita kwenye sifuri, tembea wiki mbili, jaza tena sheli ileile, gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Passo ya rafiki yangu wa Bugando, mwenye kupanda na kushuka kutwa, haifiki 12.

Sasa umbali. Anayekaa Nyegezi, kilomita 8 hadi kazini, anatembea 352 kwa mwezi. Prado itakunywa lita 50, Passo 24. Anaokoa 78,000. Toa bima, toa matengenezo, abaki na nini? Huyo angepanda daladala siku tatu kwa wiki angeokoa karibu hizohizo bila kununua chochote. Hata kwangu, daladala ya kwenda na kurudi haifiki elfu mbili. Ninachonunua kwa zinazozidi ni kutosimama Buzuruga saa moja usiku, na nakiri hivyo.

Na mkopo? Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, milioni 8.6 inazaa karibu 1,300,000 mwaka wa kwanza. Mimi, nikitoa bima na yale matengenezo, hata mwaka mzima wa nidhamu ungeniachia kama 1,380,000. Ungekuwa unamfanyia kazi aliyekukopesha.

Kuna watu nawaambia wauze kubwa wabaki na dogo, na hawapendi kusikia. Kama lami unaiacha mara mbili kwa mwaka, kodi gari siku hizo. Sisi tusingeweza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji tulizokuwa tukizisubiria kivuko zinaisha kwa dakika chache, na mama mkwe hataki tena kusikia kisingizio cha foleni. Tunakwenda kila mwezi. Jumamosi hii tunapeleka mbolea. Prado imewashwa jana, imekubali kwa jaribio la kwanza, na mafuta, tumeelewana, anajaza mume wangu.