Mwenyekiti wa mtaa anawajibika kwa lipi?

Kwa aliyeuliza kama mwenyekiti wa mtaa (Tanzania) anaruhusiwa kuuza kiwanja na kudai asilimia 10 ya bei: hapana, kwa yote mawili. Mwenyekiti anachaguliwa na wakazi kwa miaka 5, mara ya mwisho 27 Novemba 2024. Kazi yake ni kuongoza kamati ya mtaa na mikutano ya wakazi, kusimamia ulinzi na usafi, na kuwapelekea wakazi taarifa za halmashauri. Mtendaji wa mtaa ni mtu mwingine: huyo ni mwajiriwa, ndiye katibu wa vikao. Watu wengi wanawachanganya.

Kwenye ardhi, saini ya mwenyekiti inaweza kuonyesha tu kwamba anawafahamu wauzaji na majirani. Haihamishi umiliki. Kama kiwanja kina hati, andaeni mkataba kwa wakili, kisha uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Wanaoishia kwenye muhuri wa mtaa ndio wanaokuja kugundua kiwanja kimeuzwa mara mbili, na inauma sana.

Barua ya utambulisho ni jambo jingine, hiyo unaifuata ofisi ya mtaa. Nenda na barua ya mjumbe wako, picha ya pasipoti na jina lilelile lililo kwenye kitambulisho. Herufi moja ikitofautiana, benki inakurudisha. Hakikisha ina tarehe, na muhuri umegusa ukingo wa picha. Ukitozwa chochote, dai stakabadhi ya serikali yenye namba ya malipo. Hakuna? Usilipe, nenda kwa mtendaji wa kata.