Faili za barua pepe zinapokataa kunakilika: yaliyonikuta Chake Chake

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeeleza kwamba unanakili barua pepe za ofisi kutoka seva ya zamani kwenda diski ya nje kwa kutumia rsync (programu ya kunakili faili), kwamba kazi inaishia kwa kosa namba 23, na kwamba folda kadhaa zimefika nusu nusu. Sasa unauliza kama diski ya seva imeanza kufa. Mimi nadhani haijafa. Kosa kama hilo lilinikuta nikiwa Chake Chake, nilipokuwa nahamisha barua za ofisi moja kuzipeleka Unguja, na kwa kuwa laini yetu ya intaneti isingeimaliza kazi ile hata kwa wiki nzima, tuliamua diski isafiri nami kwa boti kutoka Mkoani.

Usiku ule nilipokagua kilichofika kwenye diski, jambo moja lilinishangaza: barua zilizoingia baada ya wafanyakazi kufunga kompyuta zao zilikuwamo zote, ilhali za zamani hazikuwamo hata moja. Diski mbovu haichagui namna hiyo. Seva zinazotumia Dovecot (programu inayowapa watumiaji barua zao) kwa kawaida huhifadhi barua kwa mtindo wa Maildir, ambamo kila barua ni faili yake peke yake. Barua mpya hukaa katika folda ya new, na mwenyewe akishafungua kisanduku chake huhamishiwa folda ya cur, na jina lake huongezewa mkia unaoanza na :2, kisha herufi za alama, kama S kwa iliyosomwa na R kwa iliyojibiwa. Nukta pacha hiyo Linux haina neno nayo, lakini diski iliyofomatiwa kwa FAT32 au exFAT (mitindo ya kupanga faili diskini), kama zilivyo nyingi zinazouzwa madukani, haikubali jina la faili lenye nukta pacha. Kwa hiyo pandisha juu ya ule mstari wa mwisho unaotaja 23, kwani namba hiyo inasema tu kwamba baadhi ya faili hazikunakiliwa; ukikuta maneno "Invalid argument (22)" yamejirudia, ugonjwa wako ndio huo.

Njia moja ni kuifomati diski upya kwa ext4, mtindo wa Linux, ila yangu ilikuwa ya kuazima na ilijaa picha za harusi za watu, basi sikuthubutu. Nilizifunga barua zote ndani ya faili moja kwa programu ya tar, kwa sababu majina yenye nukta pacha yakiwa ndani ya faili hiyo hayaigusi diski hata kidogo. Angalia tu kwamba FAT32 haibebi faili moja inayofikia GB 4, hivyo kama diski yako ni ya aina hiyo itakubidi uikate tar vipande. ExFAT haina tatizo hilo.

Kosa namba 24, ambalo umelitaja kwa kupita, lisikutie wasiwasi. Maana yake ni kwamba faili iliorodheshwa, kisha ikatoweka kabla ya kunakiliwa, na kwenye Maildir hilo hutokea kila mtu anaposoma barua, kwa kuwa jina la faili hubadilika papo hapo. Ikiwa seva mpya unaifikia kwa mtandao, nakili mara ya kwanza huku seva inafanya kazi, kisha usiku simamisha Postfix (programu inayopokea na kutuma barua) na Dovecot na urudie; mara ya pili huchukua muda mfupi, kwani hunakili yaliyobadilika tu. Kwa tar simamisha huduma tangu mwanzo. Hakuna barua itakayopotea kwa saa chache hizo, maana seva za wanaotuma huendelea kujaribu kwa siku kadhaa, na Postfix yenyewe imewekewa siku 5.

Ukikutana na "No space left on device" wakati df, amri ya kupima nafasi ya diski, inaonesha nafasi tele, endesha df -i. Barua ndogo ndogo kwa malaki humaliza ainodi (nafasi za kuorodhesha faili, moja kwa kila faili) kabla ya kumaliza nafasi yenyewe.

Upande wa seva mpya nilijikwaa mara mbili. Kwanza, mmiliki wa faili huhifadhiwa kwa namba, na mtumiaji vmail (ndiye mmiliki wa faili za barua) kule alikuwa na namba nyingine, kwa hiyo Dovecot ilikataliwa kusoma kila kitu hadi nilipobadilisha umiliki kwa chown. Pili, na hili liliniuma zaidi, niliiacha faili ya dovecot-uidlist nikidhani ni takataka za seva ya zamani. Humo ndimo zimeandikwa namba ambazo kompyuta za watumiaji huzitumia kutambua barua walizokwisha kupakua. Asubuhi yake kila kompyuta ilianza kupakua upya barua za miaka yote, laini ikalala, na simu yangu haikunyamaza hadi adhuhuri.

Kabla ya kuifuta seva ya zamani, hesabu faili za kila kisanduku pande zote mbili kwa amri ya find, huku huduma zikiwa zimesimama. Ukishaendesha df -i, tubandikie hapa matokeo yake pamoja na mistari kama 20 iliyotangulia ile namba 23, lakini ondoa kwanza anwani za watu.