Nyimbo ya kwaya ya 6/8 kwenye programu ya kodi za muziki, mbona ngoma zinakimbia?

SWALI: Fundi habari za Mwanza. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Nansio, Ukerewe. Mpiga kinanda wetu kahamia Geita, na kinanda kilikuwa chake, kaondoka nacho. Tuna kompyuta ya RAM GB 4, Windows 10, nikaambiwa kuna programu unaandika kodi tu (zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kama G au Am) yenyewe inakupigia besi, ngoma na gitaa, nikaweka JJazzLab kwa sababu ni ya bure. Sasa nyimbo yetu ya kutoa sadaka ni 6/8, kila nikiicheza ngoma zinakimbia ovyo, besi linagombana na sauti ya nne, na mlio wenyewe kama simu ya kitochi. Kompyuta ndogo au nakosea mimi? Halafu makaratasi yetu yote ni solfa (zile herufi d, r, m za do, re, mi), kodi nabahatisha tu kwa sikio.

JIBU: Nzuri mwalimu, poleni na kinanda. Kompyuta iache, RAM 4 inatosha kabisa. Hizi programu kinachotoka ni MIDI, yaani maelekezo tu kwamba noti fulani ipigwe saa fulani kwa nguvu fulani, siyo sauti yenyewe. Band-in-a-Box, programu nyingine ya aina hiihii, ipo sokoni tangu 1990, na kompyuta za enzi zile ukiziona leo utacheka.

Shida ni kwamba programu haiijui nyimbo yako. Inajua vitu viwili tu, staili uliyochagua (yaani mpangilio wa ngoma, besi na gitaa uliokwisha kutengenezwa) na kodi ulizoandika. JJazzLab inatumia staili za Yamaha, zilezile za vinanda vya makanisani, na hizo kwa kawaida zimerekodiwa juu ya kodi moja tu, C meja seveni, halafu wewe ukiandika Em inazihamisha zile noti za besi na gitaa zikae kwenye Em. Basi, hakuna maajabu mengine. Pale ulipoacha wazi inajaza inavyojua yenyewe, na inachojua sanasana ni pop, jazi na kantri.

Tuanze na ngoma maana hapo nina uhakika karibu wote. Staili nyingi za mwendo wako zimepangwa kama 12/8, baa moja (kile kipande kati ya mistari miwili ya wima) ina mapigo makubwa manne na kila pigo lina vitatu vidogo ndani yake, ila programu inakuonyesha 4/4 ya kawaida. Baa yako ya karatasi ina mapigo makubwa mawili tu. Kwa hiyo baa mbili za karatasi ndiyo baa moja ya programu. Piga hesabu, mkiimba kwa mapigo makubwa 60 kwa dakika, baa mbili za karatasi ni sekunde 4, na baa moja ya programu kwenye tempo 60 ni sekunde 4 vilevile, inakaa. Wewe nahisi umeweka baa kwa baa, kodi zikawa zinachelewa, nyimbo ikaburuta, ukapandisha tempo mpaka 120 hivi ili waimbaji wapumue, kodi zikakaa sawa lakini ngoma sasa zinapiga mwendo mara mbili. Rudisha 60 na uweke baa mbili kwenye moja. Na tafadhali usikimbilie 3/4, najua inashawishi kwa sababu na yenyewe ina vitatu, ila mkazo wa 6/8 upo la kwanza na la nne, wolzi (huo mwendo wa 3/4) itawavuta waimbaji kusikokuwa na nyimbo.

Kipande kikiwa na baa zisizogawanyika kwa mbili, tuseme 7, mwishoni utabaki na nusu baa inayoning'inia. Mimi huwa naongeza mapumziko ya baa moja kabla ya kiitikio, watu wavute pumzi, hakuna anayelalamika.

Sasa besi, hapa ndiyo penye kazi yenyewe na hapa solfa inakusaidia kuliko unavyodhani. Angalia juu ya karatasi, tuseme imeandikwa Do = G. Usisome sauti ya kwanza peke yake, soma zote nne kwa wima kwenye lile pigo la mkazo. Ukikuta d, m, s hiyo ni G. Ukikuta f, l, d ni C. Ukikuta s, t, r ni D, na kukiwa na f juu yake inakuwa D7. Ukikuta l, d, m ni Em, na r, f, l ni Am. Noti zinazopita katikati haraka haraka achana nazo, ukiandika kodi kwa kila silabi programu itakuwa inarukaruka na hakuna kitakachotulia.

Halafu angalia sauti ya nne inaimba nini. Hapa ndipo besi linapogombana. Chukua ule mwisho wa karibu kila nyimbo ya kwaya, sauti ya nne wanashika s, juu yao wenzao wana d na m, kisha inakuja D7, kisha nyumbani. Wewe ukiandika G kwenye lile pigo la kwanza, programu inapiga besi la G wakati wanaume wako wanaimba D, maana Do ikiwa G basi s ni D. Andika G/D, yaani kodi ya G lakini besi lipige D, halafu D7, halafu G. Vilevile sauti ya nne wakiwa kwenye m na kodi ni ya do, andika G/B. Mkwaju huo mmoja (/) utakuondolea nusu ya ugomvi, nusu nyingine chagua staili isiyo na besi la kutembeatembea. Na chunga fe, yaani fa iliyopandishwa nusu. Ukiona r, fe, l hiyo siyo Am tena, ni A, ukiiacha Am sauti ya mwenye fe itaonekana mbovu hata kama yuko sahihi kabisa, utamgombeza bure.

Mlio wa kitochi ni sinthi ya ndani ya Windows, yaani kile kinachogeuza MIDI kuwa sauti, ile Microsoft GS Wavetable, ipo tu ili MIDI isikike. Weka saundifonti, yaani faili lenye milio ya vyombo halisi, FluidR3 GM ni ya bure, kama MB 140, kama bando huko ni la shida mtu akushushie mjini aje nayo kwenye flashi na meli. Kisha kwenye mpangilio wa MIDI chagua FluidSynth, sinthi inayotumia saundifonti hiyo.

Maoni yangu binafsi, zima ngoma za programu kabisa, kwenye MIDI za kawaida ziko chaneli ya 10. Bakiza besi na ogani, ngoma na kayamba wapige vijana wenu wenyewe, Ukerewe hamkosi wapigaji. Ila wao ndio waifuate kompyuta, maana yenyewe haisikilizi mtu, mwalimu ukitaka kuvuta kidogo kwenye shairi la solo inakuacha hapohapo. Ndiyo maana mimi naipenda kwa mazoezi, unatoa faili la sauti la WAV, kila mtu anakaa nalo kwenye simu, hata umeme ukikatika mnaendelea.

Kwa Misa ni habari nyingine. Kama ninyi ni Wakatoliki ongea na paroko kwanza, kuna maelekezo ya Roma ya 1958 kuhusu muziki mtakatifu yaliyokataza wazi vyombo vya kujipiga vyenyewe kwenye liturujia, na paroko anayeyajua atakuuliza. Hiyo hela ya spika kubwa mnayoichangishana bora muiweke kwenye kinanda cha mtumba, na makaratasi yako ya kodi utakayokuwa umeyaandika mpiga kinanda mpya atayasoma hayohayo.